Sanduku Lisilo na Kufuli

Mara ya tatu yule Mzungu, agenti wa afya, aliposhika mkono wa mwanangu Feza na kuugeuza huku na huku kama anayechagua samaki sokoni, nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo.

"Bado wewe nafuta dawa," alisema. "Ndimu ama majani?"

Nyuma yangu palikuwa na mstari wa akina mama. Wengi wao walikwisha kuulizwa swali hilohilo. Watoto wetu walichanjwa ndui, tukangoja lengelenge litoke, halikutoka. Tukaitwa tena, wakachanjwa tena, mikono ikabaki laini kama yai. Kila mara mkosaji alikuwa mama. Mama amefuta. Mama ni mshenzi, ana majani yake nyumbani. Mimi nilisoma kwa masista mpaka sekondari, nikafundishwa kuandika barua, kukata nguo kwa kipimo na kuchemsha maji ya mtoto. Sikufuta kitu. Mkono ule hata sikuuogesha, niliufunga kitambaa na kuuchunga usiku na mchana.

Nikanyoosha mkono mezani, nikachukua kichupa kimoja chembamba cha dawa, nikakibandika katika kiganja chake.

"Shika," nikamwambia. "Iko moto. Dawa yenu ilikufa mtoni kwenye masua, na wewe unatuchanja na maiti."

Alikitazama kichupa, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika hata. Hilo ndilo lililoniuma.

"Kindu yote iko moto," alisema, na akakirudisha mezani pamoja na vingine. Polisi akanishika kiwiko. Feza alichanjwa akiwa mikononi mwa mwanamke mwingine huku mimi nikitolewa nje, na agenti akapaza sauti nisikie: kama mkono hauna alama juma lijalo, mama ya ndimu ataingia jela.

Nilitaka kuandika habari za Fundi, nami nimeanza na hasira yangu, kwa sababu yote niliyojua juu ya kichupa kile niliyajua kwake.

Alikuwa jirani yetu katika site ya Kindu, mtaa wa watu weusi, tangu nilipoletwa kwa mume wangu. Jina lake sitaliandika. Nimeliandika mara moja tu, mbele ya karani wa tribinali, na imetosha. Sasa hayupo. Walimfukuza site, akarudishwa upande wa Kibombo, na katika nyumba yake anakaa mtu wa reli anayefuga bata. Watu walimwita Fundi, mimi nilimwita Baba Fundi, na yeye aliniita Madamu wa Chaki akiwa na furaha, Mama Feza akiwa na shida.

Kazi yake ilikuwa masanduku ya baridi. Wazungu wa Kindu walitaka siagi iliyo ngumu, nyama isiyonuka, jibini, na vitu hivyo vilitoka Stan, mji mkubwa ulio chini ya mto. Kutoka Stan mizigo hupanda treni kuzunguka maporomoko, kisha huingia katika masua, meli ya mizigo, na kupanda mto, siku baada ya siku chini ya jua hili letu. Zamani siagi ilifika Kindu ikiwa mafuta ya kukaangia. Fundi akatengeneza sanduku la bati ndani ya sanduku la mbao, kati yao akaacha nafasi ya upana wa kiganja, na katika nafasi ile akashindilia kitu. Kifuniko kilikaa juu ya utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Mahali bati lilipokutana na bati alitia risasi ya kulehemu, juu ya risasi nta ya nyuki, juu ya nta utomvu wa mti ulioyeyushwa, akapitisha kidole gumba chenye mate mpaka pote pakawa laini.

"Jua si adui," alikuwa akisema. "Adui njo tone. Barafu ikilia tone moja likaingia mule katikati, sanduku limekwisha, liweke kuni."

Namna yake ya kupima sikuiona kwa mtu mwingine yeyote. Sanduku likikamilika alilijaza maji yenye sukari, akaliweka uani juu ya mchanga, akavuta kiti akakaa. Alingoja sisimizi. Sisimizi wakipita mbali, sanduku ni zima. Wakianza kupanda na kukusanyika mahali pamoja, pale pana tundu, hata kama jicho halioni. Aliwaita mainspekta.

"Hawa hawanunuliwi," aliniambia. "Inspekta wa posta unampa kuku. Huyu utampa nini? Sukari anaijua mwenyewe."

Mke wake alikuwa akipiga kelele juu ya sukari ile. Alimwambia wanakunywa chai chungu nyumbani ili sisimizi wa site nzima wanenepe. Fundi alimjibu kwamba sisimizi wana kazi, yeye ana kazi gani? Siku hiyo Fundi alilala njaa, na ilimstahili.

Kuna watu wanaopenda kitu wanachokitengeneza. Fundi alichukia baridi. Alivaa koti zito la sufu wakati sisi wengine tunatafuta kivuli, akifunga vifungo mpaka shingoni. Chai aliinywa ikiwa bado inachemka kikombeni. Mtu akimletea kipande cha barafu ili ajaribu sanduku, alikishika kwa koleo, uso kando, akisema kitu kile kinaingia kifuani na hakitoki. Nilimuuliza mara moja kwa nini alichagua kazi hii.

"Sikuchagua. Nilitengeneza sanduku la kufa mutu," alisema. "Muzungu akapita akaona halivuji. Akasema, hili litabeba siagi. Basi, kutoka kwa maiti nikaingia kwenye siagi."

Alijisifu pia, nisimpambe. Alisema hakuna mtu kati ya Kindu na Stan awezaye kufunga bati kama yeye, alisema hivyo kwa wageni, kwa watoto, kwa wanawake waliokuja kuazima chumvi. Lakini mbele ya Mzungu sauti yake ilipungua mpaka ikawa ya mtoto aliyetumwa. Koti alilivua, kofia akaishika mikono miwili, na kila jambo likawa ndiyo Bwana. Niliona mara nyingi, na kila mara nilitaka kumpiga.

Tena alikuwa na siri. Kile kitu kati ya bati na mbao hakumwambia mtu. Siku ya kushindilia alifunga mlango, akatundika blanketi dirishani. Ukimuuliza ndani kuna nini, alijibu: dawa ya babu yangu. Mapakasi, wabeba mizigo wa bandari, walimuuliza, makapita, wasimamizi wa masua, walimuuliza, jibu lilikuwa hilohilo, pamoja na kucheka kidogo puani. Aliogopa kwamba siku watu watakapojua, kila mwenye nyundo atatengeneza lake.

Mimi nilijua. Nilijua kwa sababu kila nilipotwanga mpunga alikuja kwenye ua wangu na gunia.

"Makapi yako usitupe, Madamu wa Chaki. Ni ya kuku wangu."

Hakuwa na kuku. Niliacha mwaka mzima upite, kisha nikamuuliza kuku wake wanaendeleaje. Aliangalia nyuma kama kuna mtu, akaketi.

"Makapi ya mpunga makavu," alisema chini chini. "Njo hayo tu. Ukisema, nitajua ni wewe."

Na kwa kuwa nilinyamaza, alimtengenezea Feza kisanduku kidogo cha namna ileile. Nikitia uji wa moto asubuhi, mchana ulikuwa bado wa moto. Nilistaajabu. Sanduku la barafu, limeweka moto vipi? Akacheka mpaka akakohoa.

"Sanduku halijui baridi, halijui moto. Linajua kufunga mulango tu. Kilichomo kinabaki ndani, kilicho nje kinabaki nje. Ukifungua mulango, umelifanya kuwa meza."

Ningekuwa na uwezo ningeyaandika maneno hayo juu ya kila sanduku lake, kwa rangi nyeupe. Hakutaka. Siri ya kazi, alisema.

Sasa nafika kwenye kufuli.

Wakati fulani mtu fulani alikula jibini la Bwana wa duka kubwa akiwa njiani. Bwana wa duka akaamuru kila sanduku lake litiwe kufuli, ufunguo mmoja Stan na mmoja Kindu. Fundi alitia bawaba za chuma na kufuli. Hospitali nayo ilikuwa na sanduku lake, kazi ya mkono uleule, makapi ya kinu changu, ambalo lililetea Kindu vichupa vya chanjo katikati ya barafu. Fundi aliuliza kama nalo litiwe kufuli. Agenti wa afya akasema hakuna fedha ya kufuli. Nani ataiba dawa ya ndui?

Ni kweli. Hakuna aliyeiba.

Habari za ndui zilianza kuja kutoka barabara ya Lubutu. Kwanza tulisikia ni kijiji kimoja mbali, kisha madereva wakasema vijiji vingine vimefungwa, hawaruhusiwi kusimama. Huku mkono wa Feza haukuwa na alama, wala wa mtoto wa jirani wa kushoto, wala wa watoto wa mtaa wetu karibu wote. Nilikaa nikamtazama mtoto akicheza, nikawaza kila uso niliowahi kuuona wenye mashimo ya ndui, na wale ambao hawakubaki na uso. Nikaenda kwa Fundi.

"Baba Fundi, sanduku la hospitali linavuja."

Hakunisalimia kwa siku kadhaa. Mkewe alikuja kuniambia kwamba nimemtukana mume wake kuliko kumtukana mama yake mzazi. Kisha akaja mwenyewe, koti limefungwa.

"Masua inaingia kesho na dawa," alisema. "Twende bandarini. Tutaona kati yangu na wewe nani anavuja."

Tulikwenda. Nilimfunga Feza mgongoni. Masua ilikuwa imefika, mapakasi wakishusha magunia. Sanduku la Bwana wa duka lilikuwa pale, kufuli yake inang'aa, na boi aliyekuja na ufunguo alipolifungua baridi ilitoka kama pumzi. Siagi ilikuwa ngumu kama sabuni. Fundi alinitazama. Alikuwa amekwisha kuvimba kwa kiburi.

Kisha tukaona la hospitali. Lilikuwa mbele ya masua, mahali pa upepo mzuri, kifuniko kimeegeshwa pembeni. Juu ya vichupa walikuwa wametandika jani bichi la mgomba, safi, limekatwa vizuri. Barafu ilikuwa maji tu. Kapita wa mizigo alisimama karibu, mtu mzima mwenye uso wa upole, akipepea inzi.

"Hilo ninalitunza mwenyewe," alituambia kwa furaha. "Tangu tuondoke. Kila asubuhi ninalifungua lipumue, jioni ninafunga juu ya wezi. Zile za kufuli siwezi, najua zinaunguza vitu vya watu huko ndani. Lakini hii ni dawa ya watoto."

"Lipumue?" Fundi aliuliza.

"Mzee, si unajua. Kitu kikifungwa hivi kinapata moto. Mama akifunika sufuria ya wali na blanketi, si inabaki moto mpaka magaribi? Ndizi tukizifukia kwenye makapi, si zinaiva kwa moto ule? Na hili limefungwa kuliko sufuria. Nikasema, dawa itaoza. Nikalipa upepo."

Sikuweza kumkasirikia, ndiyo shida yake. Kila mtu wa Kindu angefanya hivyo. Mama yangu angefanya hivyo. Mimi mwenyewe, kama nisingekula uji wa kile kisanduku, ningefungua mapema kuliko yeye.

"Umeiua," Fundi alisema. "Kila asubuhi ulikuwa unaiua."

Uso wa yule mtu ulianguka. Akatazama vichupa, akamtazama Feza mgongoni kwangu, akaelewa. Na hapo ndipo naye alipokasirika.

"Mzee, mimi nilikuuliza. Hapahapa bandarini, mwaka uliopita. Nilikuuliza, ndani ya hili kuna nini, tulitunze vipi? Ukanicheka. Ukasema dawa ya babu yako. Basi kama ni babu yako, ungeniambia babu hapendi upepo."

Fundi aliinama. Alikichukua kifuniko, akakirudisha mahali pake polepole, akabonyeza pembe zote nne kama ilivyo desturi yake, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kufungia.

Siku ileile alikwenda hospitali. Aliketi barazani kofia mikononi mpaka agenti alipotoka kwenda kula. Alimwambia. Alitumia maneno mengi mno, najua, na sauti ile ya mtoto. Agenti akamjibu kwamba kazi yake ni mbao. Dawa ilikuwa imefika, ilikuwa imehesabiwa. Kusema imekufa ni kusema mbele ya wakubwa wa Stan kwamba mtu wa Kindu ameiua. Akina mama wanaofuta ni wengi, na hawana mkubwa wa kuwasemea. Basi dawa ileile ikawekwa mezani, na hapo ndipo nilipokibandika kichupa katika kiganja chake, kama nilivyokwisha kusema.

Nilipotolewa nje sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tribinali ya site kuandikisha mashitaka. Karani alikuwa kijana niliyemfahamu, tuliimba pamoja kanisani.

"Unamshitaki nani, dada?"

"Agenti wa afya."

Akaweka kalamu chini.

"Hapa tunasikia mweusi na mweusi. Mzungu hatuwezi kumwita. Hata Serikali hatuwezi."

"Basi nipeleke mahali wanapoweza."

"Andika barua kwa Bwana Administrateur. Ataituma hospitali waijibu."

"Hospitali kwa nani?"

"Kwa agenti wa afya." Akatazama mlangoni, akaongeza kwa kunihurumia, "Kuna mweusi yeyote katika habari hiyo? Kapita wa masua, labda?"

Nilimwambia yule ni mtu pekee aliyejaribu kuitunza dawa. Nikaondoka.

Fundi alikuwa uani kwake alasiri ile, mara ya mwisho nilipokaa naye kwa amani. Sanduku jipya lilikuwa juu ya mchanga na maji yake ya sukari. Sisimizi walipita mbali. Nilimweleza yote, juu ya kichupa, polisi, karani, na jela ya juma lijalo. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Feza alikuwa chini akiwafuata sisimizi kwa kidole.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua koti lake, kifungo kimoja kimoja, akalivua. Sikuwahi kumwona bila koti isipokuwa mbele ya Mzungu.

"Karani anatafuta mutu mweusi," alisema. "Mimi ni mweusi ya kutosha."

"Usifanye mchezo, Baba."

"Nani anacheza? Nishitaki mimi. Sema Fundi alitengeneza sanduku la hospitali, dawa ikafia mule. Ni kweli ama si kweli? Wataniita. Wakiniita itabidi sanduku liletwe, maana huwezi kuhukumu fundi bila kazi yake. Likija nitalipasua mbele ya wote. Nitamwaga makapi mezani. Nitasema hiki ndicho, kinafanya hivi, kifuniko kisiguswe. Watu wakubwa watasikia na itaandikwa. Agenti akitaka asitake."

"Na siri yako?"

"Siri." Alimtazama Feza. "Siri ile njo iliyofungua sanduku, Mama Feza. Kapita alikuwa mkono tu."

Nilikataa. Nilimwambia watamfunga yeye na kulisahau sanduku, na nilisema kwa ukali, kwa sababu nilijua pia kwamba sina njia nyingine. Akaniambia nimesoma bure kama siwezi kuandika ukurasa mmoja. Nikamwambia yeye amezeeka bure kama anadhani wale watu wanatafuta ukweli. Mkewe alileta chai, bila sukari, na kwa mara ya kwanza Fundi aliiacha ikapoa.

"Andika vizuri," alisema mwishoni. "Usinionee huruma kwenye karatasi. Huruma itawafanya wacheke."

Ili msomaji asingoje bure: sanduku halikuletwa. Walisema ni mali ya hospitali na liko kazini. Walimuuliza kama ni yeye aliyelitengeneza, akasema ndiyo. Walipomkatiza hakuendelea, sauti ile ya mtoto ilimrudia. Amri ya kumfukuza site ilisomwa kabla ya saa ya chakula. Mimi jela sikuingia, maana mkosaji alikwisha kupatikana. Chanjo inaendelea, sanduku halina kufuli, na mkono wa Feza mpaka leo ninaoandika hauna alama.

Karani aliyapokea mashitaka yangu bila swali hata moja. Niliandika hivi:

*Kwa Mwamuzi wa Tribinali ya Site, Kindu.*

*Mimi, mama wa mtoto Feza, mkazi wa site, ninamshitaki jirani yangu, fundi wa masanduku, ambaye jina lake liko juu ya karatasi hii.*

*Ninamshitaki kwa kuwa alitengeneza sanduku linaloweza kufikisha dawa ya ndui nzima kutoka Stan mpaka Kindu, akalitoa mikononi mwake bila kumfundisha yeyote kwamba halifunguliwi. Lilifunguliwa kila siku na mtu mwema, na dawa ikafa. Watoto wetu walichanjwa kwa dawa hiyo, na sisi mama zao tuliambiwa tumeifuta.*

*Mshitakiwa hakatai. Mimi sidai fedha, wala sitaki afungwe.*

*Ninaomba mambo mawili. La kwanza, sanduku la hospitali liletwe mezani kwenu, na mshitakiwa aamriwe kulifungua na kueleza mbele ya watu wote lilivyo. La pili, litiwe kufuli, kama lile la siagi.*

*Ninaomba yafanyike upesi. Ndui iko barabara ya Lubutu, na mtoto wangu anajua kutembea. Siwezi kumfungia ndani.*